Dhahabu ya Geita Ilianzia Angani

Mtoto anayekulia Geita huyajua maneno ya wachimbaji kama karasha, mwalo na duara kabla hajamaliza shule ya msingi. Dhahabu anaijua kwa rangi na kwa bei. Ambacho wengi hawajaambiwa ni kwamba dhahabu hiyo ina umri mkubwa kuliko Dunia yenyewe.

Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO nchini Marekani na Virgo nchini Italia ilinasa mawimbi ya uvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa miaka nuru milioni 130 hivi. Darubini zilipoelekezwa huko, mwanga ulionyesha metali nzito zikiundwa. Wanasayansi wanaamini kwamba sehemu ya dhahabu ya ulimwengu ilitokana na migongano ya aina hiyo. Somo la anga, basi, si geni kwa kanda ya dhahabu.

Na Watanzania wakiitwa kutazama anga, huitikia. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona jua likipatwa na kubaki pete. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliowaelimisha wananchi kuhusu tukio hilo. Mwaka 2019 Watanzania waliipa nyota WASP-71 jina la Mpingo, na sayari yake wakaiita Tanzanite.

Usiku wa 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52, tena ulitazamika bila miwani wala darubini. Tukio kama hilo mtoto hulielewa vizuri zaidi akilichora. Achore mwezi kwa kuzungushia kizibo cha soda, kisha kivuli cha Dunia kwa mdomo wa kikombe, maana kivuli hicho ni kipana takriban mara mbili na nusu ya mwezi. Akipaka rangi pale duara hizo zinapokutana, ataona ukingo uliopinda, na atajua kwa mkono wake kwamba Dunia ni mviringo.

Usukumani uchoraji una mizizi. Picha za ukutani za wacheza nyoka zilimvutia mtafiti Hans Cory hata akazitolea kitabu mwaka 1953.

Na anga la kuchora lipo: Shinyanga iko karibu nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Jioni za Mei, kundi la nyota la Dubu Mkubwa huonekana kaskazini na lile la Msalaba wa Kusini upande wa pili, usiku uleule. Miji mingi mikubwa ya Ulaya haina bahati hiyo.

Wiki ya Anga za Juu Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1999, huadhimishwa kila tarehe 4 hadi 10 Oktoba. Walimu wakuu wa Shinyanga, Kahama na Geita watenge jioni moja ya wiki hiyo ili watoto watazame anga na kulichora, kwenye uwanja ulio mbali na taa za mgodi. Migodi ichangie manila na rangi. Nanyi wazazi mnaosikiliza, waleteni watoto, kisha michoro yao ibandikwe ofisi ya kata, kila mtu aione.