Kompyuta Mpya: Nani Akuchagulie?

Leo nazungumzia saa ya kwanza ya kompyuta, pale inapowekewa mfumo endeshi. Je, mashine imwulize mwenyewe kila jambo, au mtengenezaji amchagulie? Yale ambayo mtu huchaguliwa kabla hajasema neno, Kiswahili cha kompyuta huyaita chaguo-msingi.

Tuchukue mfano wa mifumo ya Linux, ambayo mara nyingi mtu huiweka kwa mkono wake mwenyewe. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilisifika kwa kumwachia mtumiaji uhuru. Lakini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 uhuru huo ulikuwa na gharama. Aliyeiweka alihitaji kujua ni kipande gani cha mfumo kinachopatana na kadi yake ya mtandao, agawe diski, kisha ateue programu katika orodha ya maelfu. Fundi alifurahi. Mwanafunzi aliyetaka kuandika barua tu alikata tamaa, au alibonyeza lolote ili maswali yaishe. Kumwuliza mtu asilolijua si kumpa hiari, bali ni kumtwisha mzigo.

Oktoba 2004 ikatoka Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian kwa fedha za Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyesafiri angani mwaka 2002. Jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Ilitosha katika sidii moja, na kwa kila kazi ilikuwa imekwisha kuchagua programu moja: Firefox ya kutembelea intaneti, Evolution ya barua pepe, OpenOffice ya kuandikia. Aliyetaka nyingine aliziongeza baadaye. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hapa mkulima alikabidhiwa jembe akaenda shambani.

Basi tumwachie mtengenezaji kila kitu? Hasha. Katika toleo la 12.10 la Ubuntu hiyo hiyo, lililotoka Oktoba 2012, mtu alipotafuta faili ndani ya mashine yake, maneno aliyoyaandika yalipelekwa pia kwenye kompyuta za kampuni ya Canonical inayoitengeneza, na bidhaa za duka la Amazon zikaorodheshwa mbele yake. Kitu kikinunuliwa, kampuni ilipata kamisheni. Njia ya kuzima ilikuwepo, lakini anayezima ni yule anayejua kwamba kuna cha kuzimwa. Desemba mwaka huo Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huru, alisema huo ni upelelezi. Katika toleo la 16.04, Aprili 2016, utafutaji huo ulizimwa tangu mwanzo. Aliyeutaka aliuwasha mwenyewe.

Zingatia, msikilizaji: hiari ya kuwasha na kuzima ilikuwepo nyakati zote mbili. Kilichobadilika ni hali ambayo mtu aliikuta. Na kwa kuwa wengi wetu huacha mambo kama tulivyoyakuta, anayepanga hali hiyo ya mwanzo ndiye anayeamua kwa niaba ya umma.

Kwa maoni yangu, mambo ya ufundi tuchaguliwe na wanaoyajua, mradi mlango wa kuyabadili uwe wazi. Lakini kuna maswali ambayo jibu lake analo mwenye mashine peke yake. Atumie lugha gani? Diski ifutwe yote, pamoja na picha za harusi na za marehemu wazazi? Habari zake zitoke nje ya nyumba yake? Hayo aulizwe, tena kwa maneno anayoyafahamu. Na akinyamaza, kimya chake kisihesabiwe kuwa ni ridhaa.

Kwa hiyo utakapoweka mfumo mpya, usiharakishe kubonyeza "endelea". Jiulize kwanza: hili nililochaguliwa, linamfaa nani?