Kwa Nini Transfoma Imekuwa Nyepesi

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Butimba)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Katika mikutano ya namna hii nimezoea kumsikia mzungumzaji akisimulia vyeo alivyopanda. Mimi sina vyeo vya kusimulia. Ni fundi wa vyombo vya umeme hapa hapa Mwanza, na nitasema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni transfoma. Nimeleta mbili, ziko juu ya meza hii. Ile kubwa ina uzito wa zaidi ya kilo 4. Ile ndogo kijana wa Kidato cha Kwanza anaweza kuificha kiganjani; kiini chake kina gramu 120 na ushee. Zote mbili zaweza kupitisha wati 500. Swali langu kwenu ni hili: zile kilo nyingine zimekwenda wapi?

Transfoma yenyewe si kitu kigeni. Mnaiona juu ya nguzo kuanzia Igogo mpaka Nyegezi, na nyingi zimetengenezwa na ndugu zetu wa TANELEC pale Arusha. Asili yake ni jaribio la Michael Faraday la mwaka 1831: pete ya chuma, waya umezungushwa upande huu, waya mwingine upande ule, na umeme ukibadilika upande mmoja, upande wa pili nao unaamka ingawa nyaya hazigusani. Kinachovuka ni sumaku. Chuma kile cha katikati ndicho tunachokiita kiini, na kazi yake ni kuishika sumaku isipotee njiani.

Sasa fikirini mnateka maji ziwani kujaza pipa. Mkienda mara chache lazima ndoo iwe kubwa. Mkienda mbio, mara nyingi kwa dakika, kopo linatosha. Umeme wa TANESCO huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, kwa hiyo kila safari inabeba mzigo mkubwa, na ndoo yake ni chuma kizito. Katika ile transfoma ndogo umeme huenda na kurudi mara 50,000 kwa sekunde. Kopo linatosha.

Wenye kupenda hesabu waandike: volti ni sawa na 4, mara masafa, mara raundi za waya, mara eneo la kiini, mara nguvu ya sumaku ndani yake ikipimwa kwa tesla. (Kwa mawimbi laini kama ya TANESCO, ile 4 huwa 4.44.) Chukueni transfoma kubwa: volti 230, hezi 50, eneo la kiini sentimita mraba 20, sumaku tesla 1.2. Mtapata raundi 430 hivi za upande wa kwanza. Ndiyo maana fundi wa kusuka mota na transfoma za zamani alikuwa mtu wa subira.

Jambo hili la masafa wenye reli wanalijua kwa machungu. Reli za Ujerumani, Uswisi na Austria zinatumia umeme wa hezi 16.7, desturi waliyoirithi tangu zamani, na transfoma za injini zao zimekuwa nzito kupita zile za hezi 50. SGR yetu, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, inatumia volti 25,000 kwa hezi 50. Ndege zinatumia hezi 400, maana huko kila kilo inalipiwa. Na mwaka 2012 kampuni ya ABB pamoja na shirika la reli la Uswisi walifunga katika injini moja huko Geneva transfoma ya masafa ya juu yenye kuongozwa na vyombo vya elektroniki, kujaribu kuutua mzigo ule.

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza: kama masafa yamepanda mara 1,000, mbona hatukufanya hivyo tangu zamani kwa chuma kile kile? Jibu ni joto. Kila sumaku inapogeuka ndani ya chuma, chuma kinakula kidogo cha nishati. Tena chuma chenyewe kinapitisha umeme, kwa hiyo mikondo midogo inazuka na kuzunguka ndani yake bure. Kwa hezi 50 tunaizuia kwa kukata chuma kuwa mabati membamba yaliyopakwa vanishi. Kwa hezi 50,000 mabati yale yangewaka kama pasi.

Dawa ilipatikana Japani. Mwaka 1930 Yogoro Kato na Takeshi Takei walitengeneza feraiti katika chuo cha ufundi cha Tokyo, na mwaka 1935 kampuni ya TDK ikaanzishwa kwa ajili ya kuiuza. Feraiti si chuma cha kufua. Ni unga wa oksidi ya chuma uliochanganywa na oksidi za madini mengine, kwa transfoma zetu manganizi na zinki, ukashindiliwa na kuchomwa katika tanuri kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Kwa lugha ya nyumbani, ni chungu chenye sumaku. Na kama chungu, kikianguka kinavunjika. Lakini kwa kuwa ni chungu, hakipitishi umeme kwa urahisi, na ile mikondo ya bure inakosa njia.

Hakuna kizuri kisicho na kasoro. Chuma cha transfoma kinaweza kubeba sumaku ya karibu tesla 2 kabla hakijashiba; feraiti inashiba karibu na tesla 0.4 ikishapata moto, na kwa kazi ya kila siku tunaishia 0.2 au chini yake. Kwa hiyo faida ya masafa si mara 1,000 kamili. Tumepanda mara 1,000 upande mmoja, tukashuka mara 6 upande wa pili. Inabaki mara 160 na zaidi, na hiyo si haba.

Nisimame kidogo kwenye neno kushiba, kwa sababu hapo ndipo fedha za watu zinapoungua. Kiini kikishashiba, koili yake haizuii tena umeme. Inakuwa kama kipande cha waya mtupu, na transista inayoilisha hufa mara moja. Nyumba nyingi huku kwetu zina inveta, betri ya volti 12 na paneli ya jua. Inveta inapokufa, fundi anabadilisha transista, inawaka siku mbili, inakufa tena. Wateja wanasema transista ni bandia. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi nikikokotoa transfoma naona aliyeisuka alibana raundi.

Hebu tukokotoe pamoja. Transfoma yangu ndogo ina eneo la sentimita mraba 2, masafa ni hezi 50,000, betri ni volti 12. Ukiweka raundi 1 tu, sumaku inafika tesla 0.3. Paneli ikichaji mchana betri hupanda mpaka volti 14.4, na sumaku inakuwa 0.36. Kiini kikiwa cha moto, uko ukingoni mwa shimo. Ukiweka raundi 2, sumaku ni 0.15. Ukiweka 3, ni 0.1. Basi kwa nini tusiweke 3, au 6, tukalala salama?

Kwa sababu waya nao unakula. Nafasi ya kuzungushia ni ile ile. Ukiongeza raundi, waya lazima uwe mwembamba na mrefu zaidi, na hasara ya shaba inapanda kwa mraba wa raundi. Hasara ya kiini inakwenda kinyume. Charles Steinmetz alionyesha mwaka 1892 kwamba hasara hiyo inafuata kipeo cha sumaku. Kwa chuma cha siku zake kipeo kilikuwa 1.6, kwa feraiti ya leo ni karibu 2.5. Yaani ukipunguza sumaku nusu, hasara ya kiini inashuka zaidi ya mara 5. Kwa hesabu yangu ya kiini hiki kwa wati 500, raundi 1 inapoteza kama wati 10, karibu zote ndani ya kiini. Raundi 2 zinapoteza kama wati 4. Raundi 3 zinapoteza kama wati 6, sasa karibu zote katika shaba. Wati 10 zitakipandisha kiini kama nyuzi 80 juu ya joto la chumba. Wati 4 zitakipandisha nyuzi 30 na kitu. Chagueni wenyewe. Penye nafuu ni pale hasara ya shaba inapokaribiana na ya kiini, shaba ikizidi kidogo. Walimu wa hisabati mliopo hapa, mkitaka swali la kutafuta kiwango cha chini kabisa cha mkunjo, hili ninawapa bure.

Tena waya wenyewe una vituko. Kwa masafa ya juu umeme hautaki kupita katikati ya waya, unakimbilia ganda la nje. Kwa hezi 50 ganda hilo lina unene wa milimita 9 hivi, hivyo hatulihisi. Kwa hezi 50,000 ni milimita 0.3 tu. Ukichukua waya mnene kama penseli, ya ndani yote ni shaba uliyoinunua kwa mapambo. Tunachofanya ni kuchukua nyaya nyingi nyembamba, kila moja na vanishi yake, na kuzisokota pamoja kama wavuvi wanavyosokota kamba. Mafundi wengi huliona jambo hili la anasa. Mimi naliona ni lazima.

Kuna la kuudhi zaidi. Fundi akivunja kiini wakati wa kukifungua, hukiunga kwa gundi na kukirudisha. Gundi ikiacha mwanya mwembamba kama karatasi, kiini si kile tena, na umeme wa bure unaovutwa na transfoma unaongezeka sana. Katika chaja ya simu mwanya huo huwekwa kwa makusudi, kwa kuwa pale nishati inahifadhiwa ndani ya mwanya kisha kutolewa. Katika inveta ya aina niliyoieleza hautakiwi. Ndiyo maana kutoa kiini cha chombo kimoja na kukitia katika kingine bila kukipima ni kucheza bahati nasibu.

Sasa chaja, na hapa naomba vijana mnisikilize hasa. Ndani ya chaja umeme wa volti 230 hunyooshwa ukawa kama volti 320, kisha ukakatwa vipande kwa makumi ya maelfu kwa sekunde na kupitishwa katika transfoma ndogo kama punje ya korosho. Upande mmoja ni volti 320, upande wa pili ni volti 5 na mkono wako. Kinachowatenganisha ni utepe na ganda la waya. Chaja nzuri ina tabaka tatu za kuhami, na njia ya kupita juu ya utepe kutoka upande huu mpaka ule ni milimita 6 hivi. Mama mmoja muuza dagaa aliniletea chaja iliyokuwa ikimpiga mwanawe. Ule mtekenyo mdogo wa ncha za vidole unaweza kutoka kwa kapasita ndogo iliyowekwa kihalali, na hauui. Huu haukuwa huo. Nilipoifungua nilikuta waya wa upande wa pili umelazwa juu ya ule wa kwanza kwa utepe mmoja tu, nao umeungua. Mtoto alikuwa hai kwa sababu alikuwa amevaa ndala. Chaja yenyewe haikuwa na jina lolote. Wepesi wa transfoma ni jambo jema, lakini wepesi uliopatikana kwa kuondoa utepe ni wizi.

Nimalizie na ziwa, kwani wengi wenu mna ndugu huko. Zamani usiku wa giza ziwa lilionekana kama mji kwa karabai za wavuvi wa dagaa. Siku hizi taa nyingi ni za LED na betri. Ndani yake mna pete ndogo ya sumaku yenye waya, inayofanya kazi hii hii ya kukata na kupima umeme, kimya kabisa, maana masafa yake yamepita 20,000 na sikio la mtu haliyasikii. Wengine wanafunga inveta mtumbwini ili wawashe balbu za nyumbani za volti 230. Siungi mkono hata kidogo. Unapandisha volti 12 mpaka 230 katika chombo kilicholowa, kisha balbu inazishusha tena kulisha LED zake. Umepoteza mara mbili na umeweka kifo miguuni. Taa ya volti 12 moja kwa moja inatosha. Anayetaka kujua, anaweza kuja nimwonyeshe jinsi ya kuifunga ndani ya kopo lisiloingia maji.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Mizani ya maabara iko hapa, na transfoma zote mbili ziko hapa. Wanaotaka kupima na kuhesabu raundi waje mbele, ila ile ndogo washike kwa mikono miwili.