Madirisha Mapya, Feni Mpya

Msikilizaji, pita mitaa ya Moshi mjini ukitazama juu. Luva zinang'olewa. Fremu za mninga zilizodumu miaka na miaka zinarundikwa uani zikangoje kuwa kuni, na mahali pake inakuja aluminiamu yenye vioo vya giza. Ghorofa moja likianza, la jirani halikubali kubaki nyuma. Wauzaji wanasema madirisha haya yanaokoa umeme. Umeme upi?

Ulaya swali hilo lina jibu. Kule nyumba hupashwa moto miezi mingi, na kioo cha tabaka mbili huzuia joto lililokwisha kulipiwa lisitorokee nje. Hapa mjini, kwenye mita 850 hivi juu ya usawa wa bahari, nani anapasha nyumba moto? Umeme wetu wa LUKU unaliwa na feni, na kwa wenye uwezo, kiyoyozi. Basi dirisha la kuokoa umeme Moshi ni lile linaloingiza upepo na kulizuia jua.

Sasa litazame hilo dirisha la aluminiamu la kusukuma. Vioo viwili vinapishana kwenye reli. Ukifungua upande huu, ule umezibwa. Nusu ya uwazi ulioulipia haitapitisha hewa hata siku moja. Luva, ukizilaza, karibu uwazi wote ni upepo. Najua, mwizi huvichomoa vioo vya luva kimoja kimoja, na vumbi la Februari halina pa kuzuiliwa. Lakini kioo cha giza nacho kina lake: kinalifyonza jua, kinapata moto chenyewe, kisha sehemu ya moto huo kinaimwaga chumbani. Saa kumi jioni, gusa fremu ya dirisha linalotazama machweo. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao. Mwenye nyumba ananunua feni ya pili, na fundi keshalipwa.

Tuko kama digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua liko karibu na utosi, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini zinatoshwa na upenu wa kawaida. Taabu iko mashariki na magharibi, jua linapoingia kwa mlalo hadi kitandani. Huko dawa ni kivuli cha nje: shata, mbao za kukinga, hata mti. Pazia la ndani linachelewa, joto limeshaingia. Ernst May, Mjerumani aliyechora jengo la chama cha ushirika cha KNCU hapa Moshi, alikuwa amejenga maelfu ya nyumba Frankfurt kabla ya kuhamia Afrika Mashariki mwaka 1934. Huku ilimbidi aanze na jua na upepo.

Ukipanda Kibosho, Machame au Marangu, mambo yanageuka. Kila mita 1,000 joto hupungua kwa digrii 6 hivi, na lango la Marangu limepita mita 1,800. Wazee walijenga msonge usio na dirisha, ng'ombe wakilala humo humo na kuutia joto. Huko Julai ziba nyufa kwanza: puti mpya, raba, komeo linalovuta sawasawa. Ila penye jiko la mkaa acha upenyo wa hewa, maana gesi yake inaua watu usingizini.

Kwenye maghorofa yenye wamiliki wengi, mmoja akibadilisha peke yake jengo linakuwa kama nguo ya viraka, na bei anayopewa ni ya dirisha moja moja. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wamiliki chama chao. Itisheni kikao. Anayeishi upande wa machweo achangiwe kivuli chake, jua halikumchagua yeye. Halafu fundi alete bei mbili: ya dirisha la kusukuma, na ya dirisha la bawaba linalofunguka lote, wavu wa mbu ndani na nondo zake. Hiyo ya pili ikizidi, ilinganisheni na bei ya feni pamoja na umeme wake wa miaka mitano, ndipo mpige kura.