Unyanyapaa Tuliovuka Nao Bahari



Kuanzia mwaka 1987 Marekani ilizuia wageni wenye virusi vya UKIMWI kuingia nchini. Zuio hilo lilifutwa Januari 4, 2010. Serikali ikaliondoa, sisi tukabaki nalo sebuleni. Kwenye sherehe zetu bado nasikia: "Yule kakanyaga miwaya," na sahani yake inaoshwa mara mbili.

Hapa Texas dawa zipo. Mpango wa Ryan White, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, unasaidia hata wasio na bima. Na anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Sasa mtu wetu anaogopa nini? Anaogopa kukutana na Mswahili mwenzake pale mapokezi, habari ifike Houston kabla yeye hajafika nyumbani.

Wapo waliotutangulia kuvunja woga huo. Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyeishi Uswidi, mtu wa ughaibuni kama sisi, alijitangaza mwaka 1989, akarudi kwao kuelimisha watu. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Dawa za leo hakuzikuta.

Ndugu zangu, mtu akifa tunachanga haraka kusafirisha maiti. Tumchangie basi akiwa hai: akikupa siri yake itunze, msindikize kliniki, kula naye sahani moja.