Plagi za Gari Lako: Zibadilishwe Baada ya Kilomita Ngapi?

*Yafuatayo ni maelezo ya fundi mkuu wa karakana ya magari ya kaunti alipozungumza na madereva wa teksi, waendeshaji wa boda boda na wenye magari ya kibinafsi. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.*

Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii. Najua kwamba kwa mtu wa teksi au wa boda boda, saa moja bila abiria ni pesa iliyopotea.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kabla sijaajiriwa na kaunti niliendesha teksi. Usiku mmoja niliitwa kumpeleka hospitalini mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Kwa wiki mbili gari lilikuwa likitetemeka likisimama, na kila asubuhi nilipiga stata mara tatu ndipo lishike. Nilijiambia nitalishughulikia mwisho wa mwezi. Tulipoanza kupanda mlima injini ikakohoa, nguvu zikaisha, tukasimama gizani. Ilituchukua karibu nusu saa kupata gari jingine. Namshukuru Mungu, mama yule alijifungua salama. Asubuhi nilipofungua plagi nilikuta ncha zake zimeliwa. Ziliwekwa lini? Sikujua, kwa sababu sikuwahi kuandika. Seti mpya ya plagi nne ingegharimu chini ya mapato yangu ya siku mbili.

Ndiyo maana nataka leo tuzungumze juu ya kitu hiki kidogo.

Kazi ya plagi

Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Betri ya gari ina volti 12 tu. Koili huzipandisha hadi maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 20,000, ili umeme uweze kuruka mwanya mdogo ulio kwenye ncha ya plagi. Mwanya huo kwa kawaida ni kati ya milimita 0.7 na 1.1.

Sasa tupige hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inatoa cheche 1,500 kwa dakika hiyo. Kama gari linakwenda kilomita 90 kwa saa, hizo ni cheche 1,000 kwa kila kilomita. Ukimaliza kilomita 20,000, plagi moja imetoa cheche milioni 20. Kila cheche hula chuma kidogo sana. Mwanya unapanuka, na koili inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi. Usipobadilisha plagi, mwishowe koili nayo inaungua, na koili ni ghali kuliko plagi.

Wenye magari ya dizeli, nyinyi hamna plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Mlizo nazo ni hita plagi za kupasha silinda wakati wa baridi, na hizo zina utaratibu wake.

Kilomita ngapi?

Jibu linategemea aina ya plagi. Kitabu cha gari lako ndicho cha kwanza kufuatwa. Ikiwa huna kitabu, shikeni mwongozo huu.

Plagi za kawaida, zenye ncha ya nikeli, ndizo za bei nafuu na ndizo nyingi madukani. Zibadilishe kati ya kilomita 20,000 na 30,000. Magari yenye injini ndogo sana, kama yale ya sisi 660 kutoka Japani, injini zake huzunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo yahesabie nusu ya hapo: kilomita 10,000.

Plagi za platinamu huchukua kati ya kilomita 60,000 na 100,000.

Plagi za iridiamu za kudumu hufika kilomita 100,000, na katika baadhi ya magari hupita hapo. Lakini tahadhari: si kila plagi iliyoandikwa iridiamu ni ya kudumu. Ziko zilizotengenezwa kwa ajili ya nguvu tu, na maisha yake ni mafupi kama ya plagi za kawaida. Soma pakiti au muulize muuzaji namba yake.

Kwa pikipiki, watengenezaji wa plagi hushauri kati ya kilomita 3,000 na 5,000. Mtu wa boda boda anayekwenda kilomita 100 kwa siku anafika 3,000 kwa mwezi mmoja. Ndugu zangu, ifungueni kila mwezi muitazame.

Teksi inayokwenda kilomita 150 kwa siku inamaliza 20,000 kwa miezi minne na nusu. Mwalimu anayeendesha kilomita 30 kwa siku anachukua karibu miaka miwili. Kwa hiyo mtu akikwambia "badilisha kila mwaka", muulize kwanza: mwaka wa nani? Tena kumbukeni kwamba gari likisimama kwenye foleni injini ikiwa inanguruma, plagi inafanya kazi ingawa kilomita haziongezeki. Magari ya mjini yawahishwe kidogo.

Ukinunua gari lililotumika

Sheria yetu inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi umri wa miaka minane, na mengi yanakuja yakiwa karibu na umri huo. Ina maana kwamba gari linaweza kufika Mombasa na plagi zilezile lililotoka nazo kiwandani, zikiwa zimekaribia mwisho. Nayo kilomita za dashibodi zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma. Ushauri wangu ni mmoja: kama huna rekodi ya kuaminika, weka plagi mpya, andika tarehe na kilomita, kisha uanze hesabu yako hapo.

Ulizeni pia idadi. Injini ya silinda nne kwa kawaida ina plagi nne, lakini Honda Fit za kwanza zenye injini ya i-DSI zina plagi nane, mbili kwa kila silinda. Nimeona watu waliobadilishiwa nne za mbele, zile nne za nyuma zikaachwa zikichakaa.

Dalili za kuangalia

Gari linachelewa kushika asubuhi. Injini inatetemeka likisimama. Ukikanyaga mafuta linasita, au kama mafundi wasemavyo, "linamisi". Petroli inaisha haraka kuliko zamani. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Taa hiyo ikiwa inawaka na kuzima, punguza mwendo na usiende mbali. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza kifaa cha kusafisha moshi, na bei ya kifaa hicho ni ya kuumiza kichwa. Fundi akipima kwa mashine na kupata namba P0301, shida iko silinda ya kwanza. P0302, ya pili, na kuendelea. Mwombe akuonyeshe namba hiyo. Si lazima iwe plagi; inaweza kuwa koili au nozeli. Njia rahisi ya kujua ni kuhamishia koili kwenye silinda nyingine. Shida ikihama nayo, koili ndiyo mbovu.

Plagi ikitolewa, itazameni ncha yake. Kahawia hafifu au kijivu ni afya njema. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi kuliko hewa. Angalia chujio la hewa, hasa ninyi wa barabara za vumbi. Ikiwa imelowa oili, injini inavuja ndani, na plagi mpya haitaponya ugonjwa huo. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi. Pengine plagi si ya namba inayotakiwa.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo huchafua plagi. Mwaka 2018 serikali kuu iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia mchezo huo. Nunueni petroli kwenye vituo mnavyoviamini.

Jinsi ya kubadilisha

Kazi hii si ngumu, lakini haitaki haraka. Subirini injini ipoe kabisa, kwa sababu vichwa vya injini nyingi za leo ni vya alumini na nyuzi zake huharibika kwa urahisi zikiwa na joto. Pulizeni vumbi kwenye shimo kabla ya kufungua. Plagi mpya iingizwe kwa vidole. Ikigoma msiilazimishe, itoeni muanze tena. Ikishakaa, plagi mpya yenye ringi huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana. Zile zisizo na ringi huongezwa kidogo sana, kama moja ya kumi na sita ya mzunguko. Msizipake grisi, na plagi za iridiamu msizisugue kwa brashi ya waya. Ncha yake ni nyembamba na itavunjika.

Badilisheni zote kwa pamoja. Ukibadilisha moja, nyingine tatu zitakurudisha gereji.

Jihadharini na bandia

Niliwahi kununua plagi zilizokuwa kwenye pakiti ya jina kubwa kwa bei ya chini mno. Hazikumaliza mwezi mmoja. Herufi zilikuwa zimefifia na ncha haikukaa katikati. Tangu siku hiyo nikiona bei inayonifurahisha sana, naiangalia mara mbili. Dai risiti kila unaponunua, na ukiuziwa bandia, peleka malalamiko pamoja na risiti hiyo kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi au shirika la viwango, KEBS.

Nimalize kwa ombi moja. Mkifika nyumbani leo, chukueni kipande cha karatasi, andikeni kilomita za gari na siku plagi zilipowekwa, mkibandike ndani ya boneti. Kama hamjui ziliwekwa lini, basi jibu lenu ni kuzifungua wiki hii. Mimi sikuwa na karatasi hiyo, na gharama yake ilikaribia kulipwa na mama asiyekuwa na kosa lolote.