Haki ya Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

 

Mgonjwa wa saratani akirudishwa kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, hadi kwao Mbinga au Mbamba Bay, jamaa hudhani kazi imekwisha. La! Haki yake ya kutulizwa maumivu ingalipo.

Basi kabla ya kumkabidhi mzee wenu kwa wauguzi, waulizeni: Je, mnayo mofini ya kunywa, na ikiisha itapatikana wapi? Nani atakuja usiku, njia ya mlimani ikiwa tope? Mtamfundisha binti yake kumgeuza asipate vidonda? Mtamhifadhia stara yake, sala yake na shahada yake?

Haya yawezekana. Hospice Africa ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, hutoa mofini ya maji na kuwafuata wagonjwa majumbani.

Hospitali za Litembo na Liuli ni za misheni. Msiulize dini ya muuguzi, ulizeni uaminifu wake. Wala msiseme maumivu ni kafara, yaachwe. Subira ni daraja ya mgonjwa. Si hoja ya kumnyima dawa. Dawa aliyoipima tabibu kwa dharura si ulevi.

Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho mwema. Amin.