Mtoto wa Pili: Maneno kwa Wazazi na Wazee



Hapa Voi, na vilevile Wundanyi, Mwatate na Taveta, wazazi hutuuliza kwa sauti ya chini: "Mtoto wetu wa kwanza ana usonji, je, tutakayemzaa baadaye naye atakuwa nao?" Twaona si vema swali hili kujibiwa kwa minong'ono.

Wako wasemao kwamba ni laana ya ukoo, au kosa la mama. Maneno hayo huvunja nyumba, wala si kweli. Usonji hutokana na namna ubongo wa mtoto unavyokua, na sehemu kubwa ya sababu zake ni urithi, ambao mtoto huupata kwa baba na kwa mama pia. Malezi si sababu yake, wala chanjo.

Sasa twaitazama hesabu. Mwaka 2024 wataalamu wa ng'ambo walitoa habari za watoto 1,605 waliozaliwa nyuma ya ndugu mwenye usonji. Katika kila 100, yapata 20 walikuwa nao: wavulana 25 katika 100, wasichana 13. Waliotanguliwa na ndugu wawili au zaidi wenye usonji walikuwa 37 katika 100.

Lakini tusiipotoe hesabu hii. Mmoja katika watano si kusema kwamba wanne watakosa na wa tano ndiye atakayekuwa nao. Kila mimba ina hesabu yake, kama vile vuli haidaiwi mvua kwa kuwa masika imekosa.

Shauri la kuzaa ni la mume na mke. Si la jirani, wala si la baraza. Lililo letu sote ni kumwangalia mdogo mapema. Akitimiza mwaka haitikii jina lake, au mwaka na nusu hanyoshi kidole kuonyesha kitu, au akipoteza maneno aliyokwisha kuyajua, msingoje mkisema atakuja kusema. Mpelekeni kliniki, au Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi, na katika vituo vya kupima watoto ambavyo Serikali ilianza kuvifungua mwaka 1984. Msaada ukianza mapema humfaa mtoto zaidi.

Enyi wazee, neno lenu lina uzito katika ukoo. Mkitamka kwamba mama hana kosa, baba hataiacha nyumba yake, na mtoto hatafichwa.